Chafadhali ya Mama Rukia

Mwalimu alikuwa hawezi kusema sijui. Nalitaja hili kwanza kwa sababu watu wa mtaa wetu wakimsifu humsifu kwa mengine: unadhifu wake, upole wake, na ule mtandao aliotuletea. Yote ni kweli, simnyimi haki yake. Lakini mimi nimekaa nyumba ya tatu kutoka kwake tangu nilipoolewa, na nikiulizwa alikuwa mtu gani, nitaanza na hilo. Mgeni akimsimamisha uchochoroni akamuuliza nyumba ya fulani, na yeye hamjui fulani huyo wala hajapata kumsikia, hatamwambia sijui. Atamshika mkono, atamwambia twende, watapita huku watokee kule, atamuuliza habari za safari na za watoto, na mwisho watajikuta wamerudi pale pale walipokutana, mgeni amechoka na bado anashukuru. Siku moja alimzungusha hivyo binamu yangu aliyekuwa akinitafuta kwa jina langu la utotoni, ambalo Mwalimu halijui. Mimi nimesimama mlangoni, nawaona wakipita mara ya pili, wanazungumza kama marafiki wa siku nyingi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, hayo waulizwe watu wake. Mimi nitasema niliyoyaona.

Alikuwa akifundisha kompyuta skuli ya sekondari. Alipostaafu tuliendelea kumwita Mwalimu, ili tumtenge na maalimu wa chuoni anayesomesha watoto Kurani. Kanzu yake haikuwa na doa hata siku za mvua, wakati sisi wengine twatembea tumekunja nguo kwa ajili ya mavi ya punda. Kahawa alikunywa tungu, bila sukari, haluwa hakuigusa, akisema meno yake aliyobakiwa nayo anayaheshimu. Na kabla ya kuketi mbele ya mtambo wake alikuwa akitia udhu. Mkewe alimcheka, akamuuliza kama sasa kuna swala ya kompyuta. Yeye alijibu kwamba neno liendalo mbali haliandikwi kwa mikono michafu. Jibu hilo nililipenda, nikawa namsimulia kila aliyekuja kwangu. Leo nikilikumbuka nasonya.

Kitu alichopenda kuliko chakula ni lugha. Si vitabu, hapana, midomo ya watu. Alijua mtu wa Siu anavuta neno wapi, mtu wa Pate anakata wapi, na Wabajuni wa huko juu wanageuza nini. Kwenye harusi wanaume walikuwa wakimshika awaigizie, na sisi upande wetu tulinyamaza tumsikilize kupitia dirishani. Alikuwa na kisa cha bibi wa Siu anayegombana na mbuzi aliyekula mkeka wake. Bibi anasema, mbuzi naye anajibu, tena mbuzi alimpa lafudhi ya Kimombasa. Watu walikuwa wakilia kwa kicheko. Hakuna aliyeona ubaya, hata Wasiu wenyewe.

Sasa huo mtandao. Alitukusanya wanawake nyumbani kwake, mkewe akatupikia mikate ya mofa, na yeye akakaa upande wa pili wa pazia akatufundisha. Alisema, "Hiyo mitandao mikubwa iliyomo kwenye simu zenu, ninyi humo ni wapangaji. Mwenye nyumba ni mmoya, yuko mbali, asikiza kula neno, na siku akitaka awatoa nde." Akasema huu wake ni mwingine. Kila mji utakuwa na nyumba yake, yaani mtambo wake mdogo uliowekwa kwa mtu wa huko huko: Amu kwetu hapa nyumba yake, Chundwa yake, Kililana yake, Kiunga yake. Na baina ya nyumba na nyumba kutakuwa na wikio.

Hapo sote tukafahamu bila kuongezewa. Wikio kwetu ni kile chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili. Mama zetu walipita humo kwenda kwa jamaa zao bila kushuka chini na bila kuonwa na mtu. Bi mmoja akauliza, je, mtu akiudhiwa na nyumba yake aweza kuhamia nyingine na vyombo vyake vyote? Akasema aweza. Mwingine akauliza mkubwa wao atakuwa nani. Akasema hakuna mkubwa. Tulifurahi, maana wakubwa tunao wa kutosha. Mimi sikuuliza kama hakuna mkubwa, basi mtu akidhulumiwa humo ndani atakwenda kumshtakia nani. Swali hilo halikunijia.

Tukaingia. Kusoma tulisoma, asubuhi na jioni. Kuandika, hakuna. Mwalimu akiandika salamu ya Ijumaa, watu wote wanaitikia, kisha kimya mpaka Ijumaa nyingine. Alihangaika kwelikweli. Alikwenda kwa fundi wa milango akamwambia aeleze nakshi zake, kila ua lina jina gani. Alipanda boti mpaka Chundwa akawaomba watu waeleze miamba yao na mashamba yao. Alivuka Kililana kwa wazee wa simsim. Kote alipokelewa vizuri, akapewa dafu, na kote akaulizwa neno moja. Nani auliza?

Mtu asiye wa huku ataona ni uchoyo. Si uchoyo hata kidogo. Kwetu mwenye haja huja mwenyewe, hubisha hodi, huketi, huulizwa hali, kisha hutaja haja yake, na hapo hupewa mpaka kilicho chini ya kitanda. Lakini kusimama ukaanza kutangaza unayoyajua, na hakuna aliyekuomba, hiyo ni kujiona. Watu watakuuliza umepatwa na nini. Mwalimu alikuwa na jibu kwa kila kitu ila kwa hilo. Akirudi kutoka safari zake alikuwa akipita mlangoni kwangu, anaketi dakani, kwenye kibaraza cha mlango, kupumzisha miguu, mimi nikiwa ndani ya mlango, na analalamika. Watu wa Amu ni walaji, si wapishi, alisema. Nikamwambia, Mwalimu, mpishi hapiki mpaka ajue kuna mgeni. Akainuka akaenda zake. Nikadhani nimemuudhi, kumbe nilikuwa nimempa ufunguo.

Niseme na langu, lijulikane nilikuwa na nini cha kutoa. Mama yangu alikuwa akiangalia wazazi, wanawake waliojifungua. Si mkunga, mkunga akishamaliza kazi yake huenda zake, mama yangu ndipo alipoanza. Siku zile arobaini mzazi alikuwa mikononi mwake: chakula chake, mafuta yake, kufungwa kwake tumbo, kulala kwake, kulia kwake. Mtoto naye, namna ya kumkanda, namna ya kumnyosha, nyimbo za kumtulizia. Alinifundisha yote, na kila aliponifundisha alisema, "Haya ni amana. Asiye na haja usimpe, na mwenye haja usimnyime." Nami sikujaliwa mtoto. Mume wangu alifariki, dada zangu wakahamia Mombasa, na binti zao wanajifungulia hospitali na kurudi kazini. Nilikuwa nikiamka nikiwaza kwamba nikifa mimi, amekufa na mama yangu mara ya pili. Hilo liliniuma kuliko ujane.

Basi siku moja, baada ya magharibi, ikaja hodi kwenye simu yangu, kutoka nyumba ya Kiunga. Mwanamke anajiita Mama Rukia. Amesikia kwa watu kwamba mama yangu alikuwa fulani. Binti yake Rukia amejifungua mtoto wa kwanza, mtoto hashiki ziwa, na wao huko hawana mtu mzima wa kuwaelekeza. Aliandika Kibajuni. Mtoto akamwita mchocho, mtu akamwita mchu, kama wasemavyo wao. Na mwisho wa haja yake aliandika: "Dada, chafadhali, usitutupe."

Mwenye haja amekuja. Amebisha, amekaa, ametaja haja yake. Ningefanya nini? Nilimjibu pale pale. Kesho akarudi kusema mtoto ameshika ziwa. Nilimlilia Mungu kwa furaha, peke yangu, na chungu changu kinaungua jikoni.

Tangu hapo tukawa ndugu. Kila siku alikuwa na swali, na kila swali lilikuwa na chafadhali yake. Dada, chafadhali, mzazi ale nini wiki ya pili? Dada, chafadhali, ule wimbo wa kumlaza mchocho maneno yake vipi? Neno lenyewe lilinichekesha, likaniingia mdomoni. Jirani yangu akija kuomba chumvi, namwambia sema chafadhali. Na kwa sababu tulikuwa tukiandikiana hadharani, pale kwenye wikio ambapo kila nyumba inaona, watu walikuwa wakisoma. Mwalimu alinieleza kwamba ndivyo ifaavyo, mmoja auliza na wengi wanufaika. Sikuona vibaya. Nilikuwa nampa Mama Rukia, wengine wakiokota, waokote.

Aliniambia jambo moja ambalo sitalisahau. Alisema haya yote anamsomea Rukia neno kwa neno, na Rukia ameapa atawafundisha wanawe. Siku hiyo nilikwenda kaburini kwa mama, nikamwambia. Nilimwambia kabisa, kwa sauti, mama, umepata mjukuu Kiunga.

Kisha yule mtoto akachelewa kutembea. Mama Rukia aliandika kwamba wenzake wamesimama, yeye miguu yake ni laini, na watu wameanza kusema. Nikamwambia wampeleke kwa daktari, na wakirudi wamkande hivi na hivi. Nilimweleza mkono ukae wapi, mafuta yawe ya moto kiasi gani, na kwamba mtoto asikandwe analia. Haya mama yangu alikuwa hampi kila mtu. Halafu nikamsomea yule mtoto Yasini kila Alhamisi. Nilifunga, nikatia nadhiri kwamba akitembea nitapika sinia ya wali nitoe msikitini. Nilishona na gauni dogo, la kitambaa chepesi, nikalifunga pamoja na chupa ya mafuta ya simsim, na kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyekuwa akiwasiliana na watu wa Kiunga, nikampa yeye afikishe.

Alipokea kwa mikono miwili. Alilitazama lile gauni, akasema, "Bi Esha, Mungu atakulipa." Siku chache baadaye Mama Rukia akaandika kwamba limemkaa vizuri, ila mikono mirefu kidogo.

Huo ndio wakati mtandao wa Mwalimu ulipochanua. Watu waliona mimi nimeandika na sikufa. Fundi wa milango naye akapata muulizaji, kijana wa Kiunga anayetaka kujifunza nakshi. Wazee wa Kililana wakapata wao, mtu wa Kiunga ana shamba jipya la simsim hajui kupalilia. He! Watu wa Kiunga walikuwa na haja mwaka ule! Nasi tukawasifu, tukasema watu wa kule wana adabu, wanajua kuomba. Mwalimu alitembea mjini shingo imenyooka. Akialikwa na wageni kueleza namna alivyowafanya watu wa visiwa wachangie ilimu yao, alisema siri ni moja tu, kumfanya mtu aone kwamba anahitajiwa. Watu walipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga.

Yeye, kwa ilimu yake yote ya lugha, hakuandika lolote mle kwa jina lake zaidi ya salamu za Ijumaa. Mkewe alipomuuliza mbele yangu kwa nini haandiki hizo lafudhi zake, za Siu na Pate, alisema hajaulizwa.

Siku moja kukawa na harusi mtaa wa pili. Nilikaa kwenye mkeka na wageni, na kando yangu muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, mcheshi, mzaliwa wa Kiunga na anakaa huko huko. Nilifurahi nikataka kumuonyesha kwamba nina watu kwao. Sinia ilikuwa upande wake, nikamwambia, "Dada, chafadhali, sogeza wali." Alinitazama. Akauliza nimesemaje. Nikarudia, nacheka. Na yeye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyeelewa.

Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu mzima. Wao husema mchu, na husema mchocho, ni kweli. Lakini tafadhali ni tafadhali. Neno lililotoka kwa Waarabu hawaligeuzi, wala hakuna mtoto wa Kiunga atakayelisema hivyo hata kwa mzaha. "Huyo aliyekufundisha ni Mwamu," alisema. "Mwamu atuigizao."

Nikamwambia siyo, ni Mama Rukia, ana binti yake na mjukuu asiyetembea. Akauliza ukoo gani, nyumba ya upande gani. Kiunga si kubwa, na yeye ndiye anayewapima watoto wote. Alinihesabia kina Rukia anaowajua, mmoja yuko skuli, mmoja ni bibi kizee. Kisha akauliza hayo maandishi hutoka wapi, nami nikamweleza habari za nyumba ya Kiunga na mtambo wake. Akasema ule mtambo anaujua, Mwalimu mmoja aliuleta, uko dukani kwa kakake, ndani ya katoni yake, juu ya magunia ya mchele. Haujapata kuwashwa.

Sikula. Nilikaa pale mpaka bibi harusi akatolewa, watu wanapiga vigelegele na mimi napiga nao. Nilirudi nyumbani nikaketi jikoni na buibui langu mwilini. Nilikuwa nikijaribu kumtafutia njia Mama Rukia, nikisema labda amehama, labda ana jina jingine. Unajua mtu akikataa kuzika. Kisha nikakumbuka bibi wa Siu na mbuzi wake.

Asubuhi nilikwenda kwa mkewe, Mwalimu akiwa sokoni. Sikuzunguka, nilimuuliza Mama Rukia ni nani. Aliacha kupepeta mchele. Mwanamke huyu ni mwema, hajui kuficha, na uso wake ulinijibu kabla yake. Alisema mumewe alikuwa akikaa pale, ameshatia udhu, anaandika, na akikwama anamuuliza yeye: mama mwenye binti aliyejifungua huona uchungu gani, huuliza nini kwanza. Yeye akimwambia. Alidhani ni mchezo wa kuchangamsha watu, na kwamba mimi najua. Halafu akalia, nikabaki mimi kumbembeleza yeye. Kabla sijatoka alisema, "Bi Esha, lakini watu wamenufaika."

Ndiyo, wamenufaika. Hilo nimeambiwa na wengi tangu siku hiyo, ingawa hawajui wanamtetea nani. Kuna binti wa Chundwa alinijia na mwanawe mgongoni, akanibusu mkono, akasema aliyasoma maneno yangu yote siku zake za uzazi, na yalimfaa. Ni mtu wa kweli, ana jasho, na mtoto wake alinivuta ushungi. Nilimpa chai na mahamri, nikambusu mtoto. Nilimwombea kheri. Lakini alipoondoka nililia kwa hasira, kwa sababu huyu kama angekuja mwanzo akabisha hodi, ningempa yote na zaidi. Mimi sikumpa yeye. Nilimpa mwanamke ambaye hakuwako, nikaacha mlango wazi, na huyu maskini akaokota. Mama aliniambia nisimpe asiye na haja. Na Mama Rukia hakuwa na haja. Hakuwa na mwili wa kuwa na haja.

Na dua zangu je? Zile Alhamisi zote? Nilimuuliza maalimu wa chuoni, bila kutaja majina, ukimwombea mtu asiyekuwako, dua huenda wapi. Alisema Mungu hapotezi kitu. Nikamwambia alhamdulillahi, na bado nilirudi nyumbani nimeumia. Gauni sijui lilikwenda wapi, wala sijauliza.

Sikumwendea Mwalimu. Ningemwambia nini? Na ningemshtaki kwa nani? Mle hamna mwenye nyumba, yeye mwenyewe alitufundisha, na sisi tukafurahi. Mtu yeyote aweza kusimamisha nyumba akaibandika jina la mji, na wewe kwenye wikio waona jina tu. Nikaacha kuandika. Basi alichofanya Mama Rukia ni kuniandikia. "Dada, mbona kimya? Tumekukosea nini?" Baada ya siku mbili: "Dada, mchocho anakuulizia." Naliyasoma haya nimekaa nyumba ya tatu kutoka kwa aliyeyaandika, nasikia kikohozi chake dirishani. Sijapata kuogopa mtu hivyo maishani, na mtu mwenyewe ni Mwalimu, ambaye hakuwahi kumfokea hata paka. Baadaye Mama Rukia naye akanyamaza, na nyumba ya Kiunga yote ikafa, na kina nakshi na kina simsim wake wote.

Tulikuwa tukikutana njiani. Assalamu alaykum, wa alaykumu ssalaam, hujambo Bi Esha, sijambo Mwalimu. Alizidi kuinama, akaanza kushika bakora. Alituma watu waniulize kwa nini sichangii tena, nikawajibu sijaulizwa.

Mwaka huu akajaliwa safari ya Hija. Kwetu mtu hendi Makka mpaka apite kwa jirani zake wote kuomba radhi. Huja akasema kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe, na jibu lake linajulikana, hata watoto wadogo wanalijua: nimekuwia radhi, Mungu akutakabalie. Hakuna anayeuliza kosa gani. Nilijua atakuja, na nilikuwa nimeshaazimia kumpa hilo jibu, kwa sababu kumwacha mtu aende Nyumba ya Mungu na deni la jirani ni jambo zito, nami ni mtu ninayemwogopa Mungu.

Alikuja baada ya alasiri. Sikukaa ndani ya mlango, nilitoka nikaketi dakani mbele yake, maana kwa umri wetu kuna nini cha kuficha. Alipumua kwanza. Kisha akasema, "Bi Esha, mimi ni binadamu. Kama kuna neno nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, yeo nimekuya kutaka radhi yako."

Mdomo wangu ulikataa. Jibu lilikuwa pale, nikalivuta, halikuja. Nikaona nimfungulie mlango wa kukiri, akitaka aingie. Nikamuuliza, "Mwalimu, yule mtoto wa kina Rukia, hatimaye alitembea?"

Bakora yake ilikuwa ikigonga gonga chini, ikanyamaza. Aliniangalia, na niliona kwa macho yangu kwamba amejua kuwa najua. Wala hakushangaa. Nadhani mkewe alishamwambia siku nyingi. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Hakuwako, Bi. Angelisema tu hilo, wallahi, ningempa radhi yangu na ya mama yangu pamoja, ningemshonea na ihramu yake kama ingekuwa inashonwa. Nilimngoja. Wanafunzi wa chuo walipita na mbao zao, wakamwamkia, akawaitikia, wakaenda. Nikaendelea kumngoja.

Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Alitembea, Bi Esha. Alhamdulillahi. Sasa anakimbia."

Nilimwambia nenda salama, Mwalimu, Mungu akufikishe. Alikaa kidogo, akingojea lile jingine. Lilipokuwa halitoki, alijishika kwenye ukuta, akainuka, akaenda nyumba inayofuata, nikamsikia akianza tena kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, na jirani yangu akimjibu upesi upesi kwa furaha.

Sasa yuko huko, amekwenda na radhi za mtaa mzima isipokuwa yangu. Kila swala namwombea afya na usalama, kwa jina lake, na mkewe amesikia hayo akadhani nimesamehe. Sijasamehe. Naomba arudi mzima, aketi pale dakani, aniambie kwa ulimi wake kwamba hakukuwa na mtoto.